Pompa Inangoja Jenereta

4 Januari 1993

Leo nimepewa cheo. Mimi, Mukalay, ambaye nimeshughulikia mambo ya moto katika kliniki hii ya kampuni hapa Dilala, Kolwezi, kwa miaka kumi na tisa, kuanzia saa tatu asubuhi ni Mratibu wa Jaribio la Pamoja. Barua ina mihuri miwili. Mkurugenzi Tharcisse aliisoma mbele ya wafanyakazi wote na akakosea jina langu mara moja tu.

Mwezi wa nne mkaguzi wa bima anakuja kutoka Lubumbashi. Hataki kusikia king'ora kikilia peke yake au kuona pompa ikisukuma maji peke yake. Anataka vyote vifanye kazi kwa mfuatano, kama siku ya moto wenyewe: kitambua moshi kinuse, taa iwake kwenye tablo ya mlangoni, king'ora kilie, milango ya kuzuia moto ijifunge, asanseri ishuke chini, umeme ukikatika jenereta iamke, na pompa ipandishe maji hadi ghorofa ya tatu iliko wodi ya wazazi. Kimoja kikikataa, hakuna sertifika.

Henriette, mke wangu, aliisoma barua huku anachambua majani ya sombe.

"Hii cheo inakuya na nini?"

"Na kaske ya kichwa," nikasema. "Na firimbi."

Akarudia sombe yake.

7 Januari

Nimehesabu vitambua moshi. Viko arobaini na kimoja. Vinavyonusa ni ishirini na sita. Kimoja, ghorofa ya tatu, kina nyumba ya manyigu. Laurentine, muuguzi mkuu wa wazazi, amekataza kisiguswe. Anasema manyigu ndiyo pekee yanayowazuia jamaa za wagonjwa kulala kwenye korido.

11 Januari

Mkutano wa kwanza wa waratibiwa. Tshimanga amenisumbua.

Huyu ndiye mtu wa pompa na jenereta. Ana miaka ishirini na miwili katika chumba kile cha chini, na anaongea na mashine kuliko anavyoongea na wakubwa. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Kolwezi. Nilikuwa nimechora mpango mzuri, mishale ya rangi tatu. Akaufuata kwa kidole, mshale kwa mshale.

"Shefu, we unasema pamoja, pamoja. Pompa inangoja jenereta. Jenereta inangoja mazutu. Mazutu inangoja shefu Tharcisse. Na shefu Tharcisse anangoja nini, Mungu njo anajua."

Mke wake Mbelu, ambaye anashika simu na kuangalia tablo mlangoni, alicheka hadi akalazimika kutoka nje. Nimeandika kwenye kumbukumbu: Tshimanga, mkaidi.

14 Januari

Mvua. Hakuna kilichofanyika.

19 Januari

Siku njema. Nimeandaa orodha ya watu wote wa jengo, wafanyakazi na wagonjwa, ghorofa kwa ghorofa, ili siku ya jaribio tujue nani ametoka na nani amebaki. Nimechora mistari kwa rula, wino mweusi. Mkurugenzi Tharcisse ameisifu, akaniomba niongeze safu moja: asili. Mtu ametoka wilaya gani, baba yake alitoka wapi. Alisema wakubwa wa mjini wameiomba. Nimeiongeza. Nafasi ilikuwepo, na safu sita zinapendeza kuliko tano.

Nilimwonyesha Henriette. Aliweka kidole juu ya ile safu.

"Moto unaulizaka mutu kama anatoka wapi?"

Nikamjibu kwamba ni safu tu.

22 Januari

Mvua. Redio inasema kila mtu arudi kwao, watu wa Kasai kwanza. Mambo ya siasa si ya idara ya moto.

27 Januari

Jaribio la kwanza.

Saa nne kasoro robo nilichoma maganda makavu ya mahindi ndani ya ndoo, chini ya kitambua moshi cha ghorofa ya kwanza. Kikanusa! Taa ikawaka kwa Mbelu. King'ora kikalia, na machozi yakanitoka, ingawa huenda ni moshi.

Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyetoka. King'ora chetu kina sauti ileile ya kile cha karakana ya jirani kinachotangaza saa ya kula. Wagonjwa waliketi vitandani na kutoa sahani. Mpishi alianza kupakua bugali ambao haujaiva. Mafundi wa karakana, zaidi ya mia moja, walivaa makoti yao na kwenda nyumbani saa nne asubuhi, na msimamizi wao aliwakimbilia barabarani akiwa na bisibisi mkononi. Tharcisse alipigiwa simu tatu za matusi. Mbelu, aliyeziunganisha, alikuwa amefunika mdomo kwa kitenge.

Matokeo niliyoandika: King'ora, kinasikika.

3 Februari

Dodo ameacha kazi ya bawabu. Miaka minane alisimama kwenye lango letu na kusalimia kila gari. Sasa anatembea na vijana wa chama, amefunga kitambaa kichwani, na watu wanamwita komanda. Lango halina mtu. Mbuzi watatu wameingia na kula maua ya mbele.

9 Februari

Jaribio la pili. Asanseri.

Kwa utaratibu, king'ora kikilia asanseri hushuka hadi chini, hufungua mlango, na hukataa kupanda tena. Leo ilishuka vizuri, lakini ikasimama kabla ya kufika, nusu juu nusu chini. Ndani alikuwemo Mkurugenzi Tharcisse. Kwenye ufa wa juu ya mlango vilionekana viatu vyake tu.

"Mukalay, ni we?"

"Njo mi, shefu."

"Hii iko mu programu?"

"Kushuka iko mu programu, shefu. Kubakia haiko."

Akaanza kunitajia maneno ya barua ya onyo kupitia ule ufa. Karani alikuwa ameenda kutafuta ufunguo, kwa hiyo niliiandika mimi mwenyewe, nikiwa nimesimama juu ya kiti. Mahali alipokosea tarehe nilimsahihisha. Mwishowe Tshimanga alipanda juu ya paa kwenye mvua na kuishusha asanseri kwa mkono, akizungusha gurudumu. Baada ya saa mbili na dakika kumi Tharcisse alitoka, akampa Tshimanga mkono, na mimi akanipa barua nitie sahihi.

10 Februari

Nimeweka barua ya onyo kwenye faili ya Jaribio la Pamoja. Inaongeza unene.

17 Februari

Jaribio la tatu. Umeme ulikatika wenyewe kabla hatujaukata, nikaona ni bahati. Jenereta haikuamka. Tshimanga alitumbukiza kijiti kwenye tangi, kikatoka kikavu, na mdudu juu yake.

"Mi nilisemaka," akasema.

Pipa la mazutu, yaani dizeli, limefungiwa stoo, na ufunguo uko mfukoni mwa Tharcisse. Kila wiki anasaini lita mia mbili, na kila wiki hakuna lita. Nimeandika hapa, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma: Tharcisse ni mwizi.

24 Februari

Nyumba tatu za barabara yetu zimefungwa. Moja ni ya fundi viatu, mtu wa Kasai, na viatu vyangu vya kanisani vimebaki ndani. Nililalamika mezani. Henriette alinitazama kama anavyotazama maziwa yaliyoharibika.

Usiku wa jana vijana wa chama walirusha mawe juu ya bati la Tshimanga. Leo alifika kazini saa moja kamili kama kawaida, kidole kimefungwa kitambaa. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha pompa. Nikamwuliza presha ya maji ni ngapi.

"Sita, shefu."

"Sita ni muzuri," nikasema, nikaondoka.

1 Machi

Mvua, siku nzima na jana yake.

8 Machi

Daktari wa usingizi hakuja. Mwalimu wa watoto wagonjwa hakuja. Karani wa maabara alikuja kuaga, akaniachia ufunguo wa kabati na mche wa parachichi katika kopo. Kwenye orodha yangu nafuta majina kwa penseli ili nisiharibu mistari, naongeza ya wagonjwa wapya, na kila Jumatatu Tharcisse anapeleka nakala mjini.

15 Machi

Nimegundua kwamba Tshimanga, Mbelu na watoto wao watatu wanalala katika chumba cha pompa. Nyumba yao imechukuliwa, na mtu mwingine ameshatundika mapazia yake.

Kanuni ya 14 inasema hakuna anayeruhusiwa kulala katika chumba cha pompa. Niliketi palepale kuandika ripoti. Nilipofika mstari wa tatu nikaona mtoto wao wa mwisho anachora kwenye vumbi la tangi mishale yangu ya rangi tatu, ila yeye kwa kidole. Nikaichana ile karatasi. Nyingine niliyoandika inasema: Chumba cha pompa, ulinzi umeimarishwa mchana na usiku.

Henriette amepeleka magodoro mawili. Alisema ni ya kupimia ustahimilivu wa moto. Mwanamke huyu anaanza kujua lugha ya ofisi.

23 Machi

Nitaandika polepole.

Saa tisa Dodo alifika langoni na vijana wake. Alikuwa mpole, kama zamani. Akatoa karatasi mfukoni na kuanza kusoma majina, na kabla hajamaliza la pili niliijua ile karatasi. Mistari ya rula. Wino mweusi. Safu sita. Ile ya sita ilikuwa imepigwa alama nyekundu, majina thelathini na manne. Wauguzi, wafagiaji, wagonjwa, mama mmoja aliyejifungua juzi. Tshimanga. Mbelu.

"Kesho saa ine tunakuya kubatosha inje," akasema. "Tata Mukalay, ulifanya kazi ya muzuri. Liste ya wengine haisomeki."

Kisha nikapanda kwa Tharcisse. Nilikuwa nimeandaa maneno makali. Aliniacha niyaseme yote. Halafu akafungua droo, akatoa ufunguo wa stoo na kuuweka mbele yangu.

"Mazutu iko. Pipa ine. Nilikuwa nachunga juu ya siku ya mubaya. Nafikiri njo hii."

"Kumbe haukuiba?"

"Nani alisema niliiba?"

"Hakuna, shefu."

Ku gare, stesheni ya treni, anasema, kuna askari wachache na masista, na watu elfu kadhaa wanangoja treni. Huko angalau hawapigwi. Lakini kutoka hapa hadi huko barabara yote ni ya vijana. Kama mtu hajapita ndani ya gari la kampuni, hafiki. Na vijana watafunga lango.

Nikamwuliza kama jaribio la nne linaweza kuwekwa kesho saa nne.

"Mukalay, we hauna akili."

"Iko mu programu, shefu."

24 Machi

Mvua nyembamba tangu alfajiri. Usiku Henriette alikata pazia letu jekundu vipande thelathini vya kufunga mkononi. Asubuhi alinifunga kamba ya kaske chini ya kidevu kama mtoto anayekwenda shule.

Saa nne kasoro dakika tano Dodo akatokea na vijana thelathini na mmoja, fimbo mikononi. Niliwatangulia langoni.

"Dodo! Munachelewa. Nilikuwa nabangoja."

"Unatungoja sisi?"

Nikamwonyesha barua ya mihuri miwili. "Jaribio la pamoja. Ninakosa batu wa kusaidia, na we unaniletea thelathini. Muzuri kabisa. Lakini mutu asiingie kama sijapiga firimbi. Akiingia, jaribio inaharibika, na jina lake inaandikwa."

"Tata, sisi tunakuya juu ya Bakasai."

"Bataenda wapi? King'ora ikilia, milango inajifunga. Kiisha nitabatosha bote kwa mustari, nabahesabu. We uko na liste, mi niko na liste. Unataka kubakimbilia mu ngazi na hii mvua?"

Alifikiri. Miaka minane mtu huyu alifungua lango kwa kila mwenye karatasi ya muhuri. Mkono wake ulinyooka wenyewe kupokea kitambaa chekundu.

Niliwagawa. Kumi kushika mpira mkubwa wa maji, uso kwa ukuta wa mbele. Kumi na wawili kwenye machela. Waliobaki chini ya mlingoti wa bendera, mstari mmoja, mkono juu ya bega la mwenzake, kwa sababu siku ya moto kuna moshi na mtu haoni. Mmoja akauliza kama wafumbe macho.

"Ndiyo," nikasema.

Nikapiga firimbi.

Ndoo ya maganda ya mahindi ilifuka. Kitambua moshi kikanusa. Taa ikawaka, na Mbelu akabonyeza kitufe bila kusubiri. King'ora kikalia. Nikasikia milango ikijifunga, ghorofa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asanseri ikashuka hadi chini kabisa na kufungua mlango wake, tupu, kama mtu mwenye adabu. Umeme ukakatwa. Sekunde moja, mbili, sita, na huko chini jenereta ikakohoa mara mbili na kuamka. Halafu nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia katika miaka kumi na tisa: pompa ikivuta kwa nguvu zake zote.

Hakuna aliyekuwa amewaambia wale kumi juu ya mpira kwamba maji yana nguvu. Mpira ukainuka kama chatu, ukawatazama, ukawatupa chini. Wanne waliteleza kwenye matope hadi kwenye bustani ya maua. Wale wa mlingoti wakafumbua macho, na wakacheka hadi wakaachana mabega.

Wakati huo, nyuma ya jengo, mlango wa dharura ulikuwa wazi. Laurentine aliwashusha kwa ngazi za nje wagonjwa na wauguzi, mmoja baada ya mwingine, yule mama na mtoto wake wa siku tatu wakiwa wa kwanza, na watoto watatu wa Tshimanga. Lori la kampuni, la karakana, lilikuwa linangoja, na kwenye usukani alikuwa Mkurugenzi Tharcisse, ambaye tangu nimjue hajafungua hata mlango wa gari kwa mkono wake. Alilitoa kwa gia isiyofaa na kuangusha ukuta mdogo wa takataka. Lakini alipita kwa njia ya nyuma. Thelathini na wawili wa orodha, bila kuhesabu watoto.

Walibaki wawili. Bila Mbelu kwenye tablo na Tshimanga kwenye mashine, kila kitu kingenyamaza kabla lori halijavuka kona, na Dodo angegeuka. Walikuwa wanalijua hilo tangu asubuhi. Hawakuniuliza.

Laurentine aliwafunga bendeji kichwa chote, ikabaki matundu ya pua tu.

"Machela!" nikapiga kelele. "Majeruhi babiri ba moto! Mbio!"

Vijana wakaingia mbio. Wanne walimbeba Tshimanga hadi kwenye ambulansi, wakiyumba.

"Huyu tata eko muzito sana!"

"Moto unavimbishaka," Laurentine akasema.

Machela ya pili aliishika Dodo mwenyewe upande wa kichwa, kwa kuwa alitaka kuonyesha mfano. Tumbo la Mbelu lilikuwa linatikisika chini ya shuka. Dodo alidhani analia. Akainama.

"Pole, mama," akasema. "Ni jaribio tu."

Ambulansi ikaondoka. Wakaifungulia lango wao wenyewe, wakasimama pembeni, na mmoja akapiga saluti.

Nikawahesabu. Thelathini na mmoja, na Dodo wa thelathini na mbili, wote wazima isipokuwa meno mawili ya mmoja wa mpira. Wote wakatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio. Dodo alitia ya kwanza, kubwa.

Kisha akaingia na orodha yake. Alipanda ghorofa zote tatu. Nilikaa kwenye kiti cha Mbelu nikingoja. Aliporudi alikuwa anatembea polepole.

"Tata Mukalay. Bale babiri ba machela."

"Dodo."

"Njo bao?"

Akainua fimbo, na nikafumba macho, na ikashuka juu ya meza karibu na mkono wangu. Meza ilipasuka. Nilipofumbua macho alikuwa anaitazama ile karatasi ya mahudhurio. Pale penye jina lake nilikuwa nimeandika, kwa wino mweusi: Komanda Dodo, mbeba majeruhi. Akaelewa kwamba hawezi kumwambia mtu yeyote. Akatoka bila kufunga mlango.

Pompa haikunyamaza. Nilizungusha kila kitu kinachozunguka na hakuna kilichonisaidia. Maji yalitoka hadi saa nane, mazutu ilipokwisha, na ua wote ukawa ziwa.

Nyumbani nilimsimulia Henriette. Nilianza na mpira, nikafika kwa Dodo na "pole, mama". Alicheka hadi akajifuta macho. Nikamwambia, kila kitu kimefanya kazi, vyote kwa pamoja, bila kosa hata moja.

Akaacha kucheka.

"Lakini batu beko inje, Mukalay," akasema. "Dodo alitaka batoke. Bametoka."

25 Machi

Mvua.

26 Machi

Mvua. Nimekaa kwenye tablo siku nzima. Hakuna anayejua kuunganisha simu. Inalia, naitazama.

2 Aprili

Nimekwenda ku gare na sufuria ya bugali na samaki kutoka kwa Henriette. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakiwa wamenyamaza hivyo. Wanalala kati ya reli chini ya mahema ya mifuko, na maji yanapita chini yao. Tshimanga nilimpata anatengeneza bomba la masista kwa waya.

Nilimwambia habari ya orodha. Nilikuwa nimejifunza maneno tangu nyumbani, lakini yalitoka kinyume: kwanza safu ya sita, kisha rula, kisha samahani.

"Najua," akasema. "Niliona ile liste mu mukono ya Dodo. Mu Kolwezi nzima ni we tu unapigaka mustari wa chini mara mbili."

"Sikufikiri itafanya hivi."

"Haukufikiri, njo vile." Alikaza waya, akajaribu bomba, likavuja, akakaza tena. "Ulitutosha muzima. Hiyo pia najua. Mi siwezi kuzipima zote mbili, shefu. Sina mashine yake."

Mbelu alipokea sufuria. Mkono wangu hakuupokea. Aliwapakulia watoto, akawapakulia na majirani wawili, kisha akanirudishia sufuria, safi, na kifuniko chake.

11 Aprili

Pasaka. Padri alisema neno moja juu ya wale wa ku gare, na watu kadhaa wakatoka kanisani. Mimi nilibaki. Nilivaa kandambili, kwa kuwa viatu vyangu viko kunakojulikana.

14 Aprili

Treni imeondoka saa tano. Nilikuwa nimechelewa kwa sababu ya mvua. Niliona mabehewa ya mizigo yakiwa wazi na watu wamejaa hadi juu, na sikuweza kutambua nani ni nani.

20 Aprili

Tharcisse amemweka mpwa wake kwenye chumba cha pompa. Ni kijana mwenye heshima sana. Ameniuliza pompa ni ipi.

27 Aprili

Mkaguzi amefika: Mama Fidélie, mfupi, mabuti ya mpira, hana maneno mengi. Jaribio lilichukua dakika nne. Kitambua moshi kilinusa, king'ora kikalia, mafundi wa karakana wakaenda nyumbani. Baada ya hapo hakuna. Mpwa alisimama mbele ya jenereta kama mbele ya ng'ombe asiye wake.

Ofisini Tharcisse alikuwa na karatasi tayari: vyombo vyote ni vizima, jaribio limeahirishwa kidogo "kwa sababu za kiufundi", sertifika itolewe kwa muda. Mama Fidélie alisema anaweza kukubali kama Mratibu atatia sahihi pamoja naye. Wote wawili wakanitazama. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Miezi minne nilikuwa nimeiota karatasi ile. Nikaisoma mara mbili. Nikafuta "sababu za kiufundi" na kuandika juu yake: Vyombo ni vizima. Mtu wa pompa amefukuzwa. Mtu wa tablo amefukuzwa. Mgonjwa asilazwe juu ya ghorofa ya chini.

"Mukalay, unatuua," Tharcisse akasema. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa, mtu yuleyule aliyeendesha lori. "Bakisoma hii ku mujini, batatuuliza nani aliandika 'amefukuzwa'."

"Batasema ni Mukalay. Jina iko pale chini."

Mama Fidélie aliisoma bila kubadilisha uso. Akatia sahihi yake chini ya yangu, akapiga muhuri, akaomba maji ya kunywa.

28 Aprili

Nimevuliwa cheo. Kuanzia kesho kutwa niko stoo ya shuka. Kaske nimeirudisha. Firimbi Henriette amenikataza nisirudishe, anaiitia kuku.

30 Aprili

Siku nzima tumeshusha vitanda. Asanseri haikufanya kazi, kwa hiyo tulitumia ngazi: mimi, Henriette, Laurentine, mpishi, yule mpwa, na alasiri Tharcisse mwenyewe, amevua koti, akilalamika kila ngazi. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu alikataa kushuka kwa sababu dirishani kwake kunaonekana ziwa kwa mbali, hadi Laurentine alipomwambia kwamba atashushwa kama godoro. Alishuka akiwa juu ya kitanda, amekaa wima, anatupungia mkono. Tumewapanga hadi kwenye chumba cha mapokezi na nusu ya jikoni. Watoto wanne wanalala karibu na meza iliyopasuka.

Saa kumi na moja mvua ikakatika. Nilirudi juu peke yangu, nikapita ghorofa zote za juu, chumba kwa chumba, nikafunga kila mlango. Nikashuka. Na kwa mara ya kwanza mwaka huu nilijua kwa hakika kwamba moto ukizuka kule juu, hautamkuta mtu.